Sato akitorokea mtoni, humrudishi

Kila ninapofika kwa mfugaji aliyenunua vifaranga wa sato madume watupu, naulizwa: hawa ni wa GMO, yaani waliobadilishwa vinasaba maabara? Hapana. Wamelishwa chakula chenye homoni wakiwa wadogo mno ili wote wawe madume. Vinasaba vyao havikuguswa.

Samaki wa GMO hasa ni salmoni wa kampuni ya AquaBounty ya Marekani. Alipandikizwa jeni (kinasaba) ya ukuaji ya salmoni mwingine, aina ya Chinook, akawa anafikia uzito wa soko kwa miezi 16 hadi 18 badala ya miaka 3 hivi. Serikali ya Marekani ilimwidhinisha Novemba 2015. Alifugwa kwenye matangi ya nchi kavu, majike watupu, wakiwa na seti tatu za kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) badala ya mbili, ili wasizae. Hata hivyo mwaka 2020 mahakama ilisema athari za samaki hao kutoroka hazikuchunguzwa vya kutosha. Mwishoni mwa 2024 kampuni ikaacha kabisa kufuga.

Kuna pia suala la afya ya mnyama mwenyewe. Miaka ya 1980, huko Beltsville, Marekani, nguruwe walipandikizwa jeni ya ukuaji. Mafuta yalipungua kweli, lakini wakaugua viungo na vidonda vya tumbo. Mimi hilo hunisumbua kuliko maneno ya vijiweni kuhusu sumu kwenye nyama ya GMO.

Turudi bwawani. Sato wetu hana jeni ya kupandikizwa, na bado akitoroka anazaliana na perege wa asili wa mito ya Tanzania hadi mbegu ile ya asili inapotea. Imeshatokea.

Mara nyingi anatoroka hivi: usiku wa masika, majani yameziba chujio la bomba la kutolea maji, maji yanapanda, mwenye bwawa anaogopa tuta litabomoka, analing'oa chujio. Asubuhi nusu ya samaki hawapo. Basi weka vyujio viwili, kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kwenye mfuo wake wa kukishikilia. Unainua cha mbele kukisafisha, cha nyuma kinabaki kimezuia. Tuta liwe juu ya alama ya mafuriko makubwa ambayo wazee wa hapo wanayakumbuka. Waulize kabla hujachimba, si baadaye.

Vifaranga wanaobaki baada ya kuvuna mpe jirani mwenye bwawa, au walishe kuku. Mtoni wasiende.