Somo: Kula na kupunguza uzito ukiwa na PCOS, kwa vyakula vya jiko letu la Tanga

Nilipokuwa na miaka 17 mama alinisugua shingo kwa dodoki na limau mpaka ngozi ikachubuka. Alidhani ni uchafu. Weusi ule ulikaa nyuma ya shingo kama masizi ya sufuria, na kwapani vilevile, nikazoea kujitanda mtandio hata nikiwa chumbani peke yangu. Ilipita miaka 9 ndipo daktari wa akina mama alipoupitishia kidole akaniambia, "Huu si uchafu, hii ni insulini."

Naanzia hapo kwa sababu Jumapili kwenye kikoba wengi wenu mlisema neno lilelile: nakula kidogo lakini nanenepa, basi mimi mvivu. Jamani, si uvivu. Insulini ni homoni inayotolewa na kongosho tukila, ili sukari iliyo kwenye damu iingie ndani ya seli. Kwa wengi wetu wenye PCOS, yaani ovari zenye vifuko vingi, mwili hauisikii vizuri, kwa hiyo kongosho hutoa nyingi zaidi. Ikizidi, huzisukuma ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi, na ini nalo hupunguza ile protini ambayo huzishika homoni hizo kwenye damu. Ndipo yai linashindwa kupevuka, hedhi inaruka, ndevu zinaota kidevuni, chunusi hazikauki. Insulini hiyohiyo huhimiza mafuta yakae tumboni, na mafuta ya tumbo huufanya mwili uzidi kuwa msugu kwa insulini. Mtu anazungushwa hivyo miaka na miaka huku anaambiwa apunguze kula.

Na tuko wengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 10 hadi 13 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana hali hii, na hadi asilimia 70 yao hawajaambiwa.

Hatua ya 1: Uhakikishe kwanza

Mahali pa kwanza nilipokwenda niliambiwa nina uvimbe kwenye mayai, nikaandikiwa antibayotiki. Nilimeza dozi mbili. Vile vifuko si uvimbe na wala si maambukizi. Ni vijifuko vya mayai machanga ambayo yamekwama njiani bila kukomaa.

Picha moja ya ultrasaundi haitoshi. Vigezo vinavyotumika vilikubaliwa na wataalamu mjini Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2003, navyo ni vitatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi kwenye picha. Mtu mzima akiwa na viwili kati ya hivyo, na daktari akishaondoa magonjwa mengine kama ya tezi ya shingo, ndipo inaitwa PCOS. Ukienda, omba pia kupimwa sukari, presha na mafuta kwenye damu.

Hatua ya 2: Lengo liwe dogo

Msijipangie kilo 30. Kupungua asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito kunaweza kurudisha hedhi na kupevuka kwa yai kwa wengi wenye uzito uliozidi. Mimi nilikuwa na kilo 84, kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa kilo 4 hadi 8. Nilipofika 78, hedhi ilikuja miezi miwili mfululizo baada ya mwaka mzima wa kuruka ovyo. Nililia msalani.

Pima uzito mara moja kwa wiki, siku ileile. Na uazime tepu ya fundi cherehani upime kiuno, maana kuna wiki mzani hausogei lakini kiuno kinapungua. Kwa mwanamke, hatari ya kisukari na moyo huanza kupanda kiuno kikizidi sentimita 80.

Hatua ya 3: Chai ya asubuhi

Hapa ndipo Tanga inatumaliza. Maandazi manne, mbaazi za nazi, chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari. Nilikuwa nakunywa vikombe vinne kwa siku, vijiko 12, karibu gramu 48 za sukari kabla sijahesabu soda wala juisi ya miwa. Shirika la Afya Duniani linasema ni vizuri sukari ya kuongeza isizidi takriban gramu 25 kwa siku.

Sikuacha ghafla. Nilipunguza nusu kijiko kila wiki, nikazidisha iliki, mdalasini na tangawizi. Wiki ya tatu ilikuwa ngumu kuliko zote. Chai niliisikia kama maji ya kuoshea majani. Wiki ya sita nilikuwa nakunywa bila sukari, na leo chai ya sukari hainipiti kooni.

Mbaazi usiziache. Zina protini na nyuzinyuzi, zinashibisha, na hazipandishi sukari haraka kama unga mweupe. Geuza tu hesabu: bakuli la mbaazi lijae, andazi liwe moja. Siku nyingine yai la kuchemsha na kipande cha muhogo, au uji wa ulezi usiotiwa sukari pamoja na karanga kiganja kimoja.

Hatua ya 4: Mlo wa mchana

Mwongozo wa kimataifa wa PCOS uliotoka mwaka 2023 unasema hakuna mlo mmoja uliothibitika kuwa bora kuliko mingine. Kwa hiyo aliyekuuzia orodha ya vyakula vya ajabu kutoka mtandaoni, mwachie. Unachohitaji kiko sokoni Mgandini, na samaki wako soko la Deep Sea kila asubuhi.

Kubwa kwetu ni nazi. Nilikuwa nakuna nazi mbili kwa mlo: moja ya wali, moja ya mchuzi. Sasa nyumbani kwangu kuna sheria: nazi ikiingia kwenye wali, mchuzi haupati. Kama leo ni wali wa nazi, samaki ni wa kuchoma, na ndimu na pilipili. Kama leo ni mchuzi wa kupaka, wali ni mweupe. Na nikipika wali wa nazi natumia tui la pili, lile jepesi. Tui la kwanza nalitoa, dada yangu wa jirani analichukua kwa ajili ya watoto wake, nao wembamba wanalihitaji. Ladha haikupotea. Harufu ya tui jepesi likikauka juu ya mchele bado inawaita watu kutoka barazani.

Mafuta ya kukaangia nayo yahesabiwe. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120, na kibua aliyekaangwa hunywa zaidi ya kimoja.

Sahani igawe hivi: nusu iwe mboga, robo samaki, maharage au kunde, robo wali au ugali. Muhogo, magimbi, viazi na ndizi za kupika vinahesabiwa upande wa wali, si upande wa mboga. Mboga ni mchicha, matembele, kisamvu, bamia, bilinganya, kabichi za Lushoto, kachumbari.

Lakini sisi wengi tunakula sinia moja, na kwenye sinia huwezi kujua umekula kiasi gani. Nilichofanya ni kupanga upande wangu. Naweka mboga na kachumbari mbele yangu, naanza nazo mpaka ziishe, nakuja kwa samaki, wali mwisho. Mboga na samaki vikitangulia, sukari ya damu haipandi kwa kasi ileile, na ukifika kwenye wali njaa imeshatulia. Hakuna aliyejua kwamba niko kwenye mpango wowote. Kwangu hilo lilikuwa na maana kubwa, kwa kuwa nilichoka kuulizwa "mbona huli?"

Matunda kula yakiwa mazima. Chungwa moja la Muheza na nyuzi zake ni sawa. Glasi ya juisi inameza machungwa matatu au manne na nyuzi zote zinatupwa.

Hatua ya 5: Mwili uende

Dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaokufanya uhemee kidogo lakini bado uweze kuongea. Mji wetu ni tambarare na baiskeli si aibu kwa mwanamke wa Tanga. Mimi natoka Ngamiani hadi Raskazone na kurudi, baada ya alasiri, siku tano. Siku mbili katika wiki fanya kazi ya misuli: kukaa na kusimama kwenye kigoda mara 10, raundi tatu, ukishika chupa mbili za lita moja na nusu zilizojaa mchanga. Misuli huchukua sukari kutoka kwenye damu, ndiyo maana inasaidia hata mzani usiposhuka.

Hatua ya 6: Usingizi

Lala saa 7 au zaidi. Ukikoroma sana na unaamka umechoka, mwambie daktari.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo dada. Mimi ni mwembamba, kilo 52, lakini nimeambiwa nina PCOS. Nipunguze nini tena? (Chumbageni)*

Marahaba mdogo wangu. Usipunguze uzito hata kidogo. Wembamba nao wanapata PCOS, na baadhi yao insulini yao haifanyi kazi vizuri. Shika hatua ya 3 na ya 5, mpangilio wa sahani ni uleule, ila kula ushibe. Na upime sukari kama sisi wengine.

*Nafunga Ramadhani mwezi mzima lakini Idi inafika nimeongezeka kilo tatu. Kwa nini? (Makorora)*

Tazama futari, shoga angu. Uji wa sukari, magimbi ya nazi, tambi, kaimati, vitumbua, halafu wali usiku. Karibu vyote ni wanga na sukari, kwa saa chache, na baada yake tunalala. Fungua kwa maji na tende moja au mbili, supu ya samaki au kunde, ukaswali, kisha chagua kimoja cha wanga, si vinne. Daku usiliache, kula yai au maharage yakushikilie. Kama unatumia dawa ya sukari, mwone daktari kabla ya mwezi kuandama akupangie saa za kumeza.

*Nimepewa metformini, ile dawa ya sukari, inaniharisha mpaka naogopa kutoka. Niiache? (Msambweni)*

Usiiache kimyakimya. Kuharisha na kichefuchefu ni kawaida mwanzoni. Huanzwa kwa dozi ndogo, humezwa pamoja na chakula, huongezwa taratibu. Rudi kwa aliyekuandikia mwambie hivyohivyo ulivyoniambia. Kuna pia aina inayoyeyuka polepole ambayo tumbo huivumilia zaidi. Ukiitumia miaka, muulize kuhusu kupima vitamini B12.

*Mama mkwe ameniletea dawa ya kuweka ukeni, ya kusafisha kizazi, kwa sababu mwaka wa tatu sijazaa. (Mwanachama hakutaka kutajwa mtaa)*

Mpenzi, usiweke. Kizazi chako si kichafu. Shida ya PCOS ni yai kutopevuka kwa wakati, na hilo halifikiwi kwa dawa ya kuweka ukeni, ambayo inaweza kukuunguza au kukuletea maambukizi. Wengi wenye PCOS wanazaa, na kama ni yai tu linalokwama, dawa ya kwanza inayopendekezwa ya kulipevusha ni letrozoli, chini ya uangalizi wa daktari. Mume naye apimwe mbegu, siku ileile mnayokwenda. Mama mkwe mshukuru, dawa yake uiweke kabatini, na kama utapenda niko tayari kuja kuzungumza naye. Mimi na yeye tunafahamiana tangu msiba wa mwaka jana.

*Binti yangu ana miaka 14, ameanza kuvunja ungo mwaka jana na hedhi yake inaruka. Nimpeleke akapigwe picha? (Mwambani)*

Mwaka wa kwanza kuruka ni kawaida. Kwa wasichana, ultrasaundi haitumiki kusema ni PCOS mpaka ipite miaka 8 tangu hedhi ya kwanza, kwa sababu ovari za wasichana wengi zinaonekana hivyo. Mwandikie tarehe kwenye kalenda. Akipitisha siku 90 bila kuona, au ndevu na chunusi nzito zikianza, mpeleke. Na tafadhali usimseme mwili wake mbele ya watu.

*Weusi wa shingoni uliisha? (Chumbageni)*

Umefifia, haujaisha. Ulianza kufifia mwaka wa pili wa kutembea. Mkorogo usijaribu, unaharibu ngozi na insulini iko palepale.

*Mimi nina miezi mitano sijaona siku zangu. Sina maumivu, nimeona ni nafuu tu, kazi zangu zinaenda. Kuna shida? (Pongwe)*

Ipo, dada yangu. Bila hedhi ukuta wa ndani wa kizazi unazidi kuwa mnene, na ukikaa hivyo muda mrefu hatari ya saratani ya ukuta huo inapanda. Zaidi ya siku 90 si ya kungojea. Kwanza pima mimba, kisha nenda hospitali wiki hii. Kuna vidonge vya siku chache vya kuiteremsha hedhi, na kuna vya kuulinda ukuta huo mwezi kwa mwezi. Andika tarehe ya mara ya mwisho kwenye karatasi uende nayo. Kama nauli ndiyo inayokuzuia, niambie kabla ya Jumapili tuichukue kwenye mfuko wa jamii.