Jinsi ya kufuatilia pesa za maji katika bajeti ya kaunti

Anza na mradi mmoja, usianze na idara nzima. Chagua kisima, silanga (bwawa la kuhifadhi maji) au bomba la wadi yako, nakili jina lake herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye bajeti, kisha lifuate karatasi baada ya karatasi. Jina likigeuka njiani, mwaka huu "kisima", mwaka ujao "ukarabati wa mradi wa maji", simama hapo uulize. Mradi hulipiwa mara mbili au hufutwa kimyakimya kwa njia hiyo hiyo.

Mwaka wa fedha wa Kenya huanza 1 Julai. Kufikia 1 Septemba kaunti inatakiwa iwe imewasilisha kwenye bunge la kaunti mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata, ule unaoitwa ADP. Kufikia 28 Februari huja taarifa ya sera ya fedha, inayoweka kikomo cha kila idara. Makadirio yenyewe hufika bungeni kufikia 30 Aprili, na bajeti hupitishwa kabla ya Juni kuisha. Wananchi wengi hujitokeza Mei, na wakati huo nyama imeshagawanywa. Ukitaka mradi uingie, pigana Agosti. Ukitaka fungu la idara ya maji likue, pigana Februari. Ukichelewa mpaka Mei, usiende kuomba nyongeza tu: Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inadai kila kinachoongezwa kipunguzwe kwingine, kwa hiyo ieleze kamati ya bajeti ikate wapi. Pendekezo lisilo na mahali pa kukatwa halina pa kukaa.

Makadirio yakishatoka, tazama mstari wa mradi wako na ujiulize pesa hizo zinanunua nini. "Kuchimba kisima" si lazima kiwe kisima kinachotoa maji. Kazi kamili ina uchunguzi wa maji ya ardhini, uchimbaji, mabomba ya kushikilia kuta, kupima uwezo wa kisima kwa kukipampu saa 24, kupima ubora wa maji, pampu, paneli za sola au jenereta, tangi, na bomba la kufika kwenye kioski. Mara nyingi bajeti huishia kwenye uchimbaji, ndiyo maana nchi imejaa visima vilivyozibwa vifuniko vya chuma. Kisha geukia upande wa matumizi ya kawaida: kuna pesa za mlinzi, dizeli, vipuri? Zikikosekana, nani atazilipa?

Sasa njoo kwenye ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, ofisi ya kitaifa inayoidhinisha utoaji wa pesa za umma, zinazotoka kila robo mwaka na kuwa na sehemu ya kila kaunti. Tafuta jedwali la idara. Utaona kiasi kilichoidhinishwa na bunge, kiasi kilichoruhusiwa kutoka kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti (akaunti kuu ya pesa za kaunti), na kiasi kilichotumika. Pembeni kuna asilimia za aina mbili, na watu huzichanganya. Tuseme idara ya maji ilitengewa milioni 400 za maendeleo, ikapewa milioni 90, ikatumia milioni 88. Matumizi dhidi ya pesa zilizotolewa ni karibu asilimia 98, na hiyo ndiyo utakayosomewa mkutanoni. Matumizi dhidi ya bajeti ni asilimia 22. Ya pili ndiyo inayokuhusu. Ikiwa pengo liko kati ya bajeti na pesa zilizotolewa, uliza kama serikali kuu ilichelewesha mgao, kama mapato ya kaunti yenyewe hayakufikia makadirio, au kama idara haikuomba. Ikiwa pesa zilitolewa na hazikutumika, huenda tatizo liko kwenye zabuni.

Bajeti ya ziada, ile inayobadilisha bajeti mwaka ukiwa umeshaanza, ndiyo karatasi ya kuogopa zaidi. Ofisa wa fedha haruhusiwi kuhamisha pesa za maendeleo kuzipeleka kwenye matumizi ya kawaida, lakini bajeti ya ziada iliyopitishwa na bunge inaweza kupunguza maji na kuongeza usafiri na posho. Iweke kando ya bajeti ya kwanza, uzilinganishe mstari kwa mstari. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna njia ya mkato.

Miradi ya tabianchi ina mtego wake. Kaunti nyingi zina hazina maalum ya tabianchi. Makueni iliweka kanuni zake mwaka 2015 na kutenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo. Hazina kama hiyo ina vitabu vyake na hukaguliwa peke yake, kwa hiyo kisima kilichojengwa kwa pesa zake huenda usikione kwenye hesabu za idara ya maji. Au ukione kote kuwili. Soma ripoti zote mbili. Tena, Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inaitaka kaunti ipeleke bungeni ripoti ya utekelezaji kila mwaka. Muulize mwakilishi wadi wako ilijadiliwa lini.

Ripoti ya Mkaguzi Mkuu hutakiwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kufungwa, yaani kufikia mwisho wa Desemba. Usiishie kwenye maoni ya ukurasa wa mbele. Ukurasa huo husema kama hesabu zimeandikwa sawasawa. Silanga lililokauka na kioski kisicho na mfereji huandikwa mbele zaidi, katika sehemu ya uhalali na ufanisi wa matumizi. Kaunti inaweza kusifiwa kwa ya kwanza na kuumbuliwa kwa ya pili. Bunge lina miezi mitatu kuijadili.

Karatasi zikikosekana, andika barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Iandike kwa Kiswahili ukitaka, sheria inaruhusu, na hulazimiki kueleza sababu. Usiombe "taarifa za mradi"; taja BQ (orodha ya kazi, vifaa na bei zake), mkataba, ripoti ya kupima kisima, cheti cha kukamilika kwa kazi na vocha za malipo. Pigiwa muhuri kwenye nakala yako. Ofisi ina siku 21 kujibu. Ikinyamaza, peleka nakala hiyo yenye muhuri kwa Tume ya Haki ya Utawala (Ombudsman) ndani ya siku 30.