Gitaa la umeme la pikapu moja: kulichagua, kulipunguza na kulisetia

Mimi ni mpiga ridhimu kwenye bendi ya dansi hapa Dar, na siku ambazo hatuna shoo nashinda na bisibisi mkononi nasetia magitaa ya wapigaji wenzangu na ya makanisani. Swali naloulizwa kila wiki ni hili, nina hela kidogo ninunue gitaa gani, na jibu langu halijabadilika miaka yote: nunua lenye vitu vichache. Pikapu moja (ile sumaku yenye koili chini ya nyuzi inayonasa mlio wake), volumu, toni kama ipo, briji (pale nyuzi zinapokalia kwenye bodi) isiyochezacheza, basi. Hela ya gitaa ni ileile, sasa kiwanda kikiigawa kwenye pikapu tatu, swichi ya njia tano na mkono wa kutikisia, shingo inabakiwa na nini? Na shingo ndo gitaa lenyewe.

Wala sio wazo geni. Leo Fender, mwenye kampuni ya magitaa ya Fender, alikuwa fundi redio kule California, gitaa lenyewe hakuwa anajua kulipiga, na mwaka 1950 akatoa gitaa la Esquire, ubao mmoja bapa, shingo imefungwa kwa skrubu nne, na toleo lililozoeleka lina pikapu moja tu. Gibson nao, kampuni nyingine ya magitaa, 1954 wakatoa Les Paul Junior kwa dola 99.50, mbao ya mahogani bila urembo wowote, pikapu moja aina ya P-90, wakilenga wanafunzi, na Les Paul ya kawaida wakati huo ilikuwa bei zaidi ya mara mbili. Hayo magitaa ya wanafunzi baadaye wamepanda nayo majukwaani watu wenye uwezo wa kununua gitaa lolote, kwa sababu yanaitika. Huna haja ya kutafuta hizo za zamani, zina bei ya gari, tafuta la kawaida lenye umbo hilo au lipunguze ulilonalo.

Hatua ya 1: kulikagua dukani au kwa mtu

Anza na shingo. Shika gitaa ulilenge kama mtu anayelenga bunduki, jicho liwe upande wa kichwa, uangalie kingo mbili za shingo zinavyokwenda hadi kwenye bodi. Ikipinda mbele au nyuma kidogo hiyo inarekebishika, lakini ikijisokota, yaani upande wa uzi mnene umelala kivingine na upande wa uzi mwembamba kivingine, liache hata kama muuzaji ni mjomba wako.

Halafu pitisha kiganja kwenye kingo za shingo, ukisikia ncha za freti (vile vyuma vyembamba vilivyolala kukatiza shingo) zinakwaruza ujue mbao imekauka ikasinyaa. Hii naiona sana kwa magitaa yaliyokaa pwani kwenye unyevu halafu yakahamia Dodoma. Tupa ndogo na msasa laini vinamaliza, lakini kasoro hiyo itumie kushusha bei.

Piga kila uzi kila freti, polepole, bila ampu, usione aibu hata watu wakikuangalia. Mlio unaokwaruza sehemu moja tu ni freti iliyonyanyuka, mlio unaokwaruza kila mahali ni usetiaji tu mbovu na huo tutaurekebisha. Mwisho chomeka kwenye ampu. Volumu ikikwaruza ukiizungusha usiogope, spreyi ya kusafishia swichi inaitibu. Jeki (tundu la kuchomekea waya wa ampu) ikikatakata nayo ni kazi ya dakika kumi.

Hatua ya 2: kulipunguza (kama ulilonalo lina pikapu tatu)

Wengi tayari wana lile gitaa la pikapu tatu la bei rahisi na swichi imeshakufa. Usilitupe. Toa nyuzi, fungua kava ya plastiki, piga picha ya waya zote kabla hujagusa chochote, narudia, piga picha. Kisha kwa pasi ya kulehemu toa waya za pikapu zote kwenye swichi, ubaki na ile ya kwenye briji peke yake.

Volumu ina miguu mitatu. Waya wa moto wa pikapu unaenda mguu wa pembeni, mguu wa kati unaenda kwenye ncha ya jeki, mguu wa pembeni uliobaki unaulehemu kwenye mgongo wa volumu yenyewe, na hapohapo mgongoni ndo zinakutana athi (waya za ardhi) zote: ya pikapu, ya jeki, na ule waya unaotoka kwenye briji. Huo waya wa briji wengi wanausahau halafu wanalalamika gitaa linavuma. Ukimaliza volumu ikafanya kazi kinyumenyume, badilishana miguu ya pembeni. Kwa pikapu ya koili moja tumia volumu ya kilo-omu 250, kwa P-90 au pikapu ya koili mbili weka 500, ukikosea gitaa halifi ila sauti itakuwa kali mno au imezibwa.

Kitu kimoja cha kuongeza ambacho ni senti tu: kapasita ya nanofaradi 1 kati ya mguu unaoingia waya wa pikapu na mguu wa kati. Bila hiyo ukishusha volumu sauti inafifia ule ukali wake, inakuwa kama mtu anaongea ndani ya blanketi. Ukiwa nayo unashusha na uzi mwembamba bado unasikika. Kwenye gitaa la volumu moja hii ni muhimu sana kwa sababu volumu ndo kila kitu chako.

Mvumo wa koili moja hauishi wote, umeme wetu wa hezi 50 upo kila ukumbi, lakini ukitandika foili ya aluminiamu kwenye shimo la waya ukaiunganisha na athi unapungua vizuri, angalia tu foili isiguse waya wa moto. Kaa mbali na taa za tyubu na chaja za simu, na jigeuze mwili mpaka upate upande ulionyamaza. Ukiona nyuzi zinakupiga shoti mdomo ukigusa maiki, zima ampu uite fundi umeme aangalie athi ya ukumbi, usiendelee kupiga.

Hatua ya 3: shingo

Weka nyuzi mpya, seti ya 10 hadi 46 (unene wa nyuzi kwa elfu za inchi), tyuni kabisa E A D G B E. Bana uzi mnene freti ya 1 na freti ya mwisho, halafu angalia nafasi kati ya uzi na freti ya 7. Inatakiwa kama milimita 0.25. Huna fila geji (vile vibati vya kupimia nafasi nyembamba)? Chukua kipande cha uzi mwembamba ulichokata, ule wa 10, unene wake ni huohuo milimita 0.25, kikipita hapo kwa kugusa kidogo shingo iko sawa. Nafasi ikiwa kubwa zungusha chuma cha ndani ya shingo kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) kuelekea kulia, robo mzunguko, tyuni tena, pima tena. Ikiwa hakuna nafasi kabisa, kushoto. Ikigoma usitumie nguvu, nimeletewa shingo zilizovunjwa hivi na hakuna cha kuwasaidia wenyewe.

Hatua ya 4: urefu wa nyuzi na usahihi wa noti

Rula ndogo ya chuma juu ya freti ya 12: uzi mnene milimita 2, uzi mwembamba 1.6. Ukipiga ridhimu kwa nguvu kama sisi wa dansi ongeza kidogo.

Kisha piga mlio wa filimbi freti ya 12, yaani unagusa tu bila kubana, halafu bana palepale upige. Noti iliyobanwa ikiwa juu, rudisha kitandiko cha briji (kile kinachobeba uzi) nyuma, ikiwa chini, kilete mbele. Briji ya zamani ya vitandiko vitatu inabeba nyuzi mbilimbili, hapo huwezi kupata zote sawasawa, mimi natafuta katikati na masikio yanaridhika.

Hatua ya 5: pikapu

Bana freti ya mwisho, acha milimita 2 hadi 3 kati ya uzi na pikapu, upande wa uzi mnene uwe chini zaidi. Ukiipandisha sana sumaku inavuta nyuzi na noti inayumba.

Hatua ya 6: sauti zote tatu ziko mkononi

Hapa ndo napapenda. Swichi huna, kwa hiyo mkono wa kulia unakuwa swichi. Piga karibu na briji upate ule ukali wa solo ya dansi, sogea pale shingo inapoishia upate uduara wa kusindikiza, katikati kwa mambo mengine. Volumu weka 7 ukipiga ridhimu, mwimbaji akimaliza na zamu ya solo ikifika, kidole kidogo kinaipeleka 10 bila mkono kuacha nyuzi. Fanya hivyo nusu saa kila siku bila pedali yoyote, gitaa moja kwa moja kwenye ampu, wiki mbili tu, halafu shika tena gitaa la pikapu tatu la rafiki yako uone kama utaigusa ile swichi.