Machozi ya mzazi yakivuka wiki mbili: namna ya kumuuliza na pa kumpeleka

Mimi ni muuguzi mkunga, kliniki ya mama na mtoto, Tanga. Mtoto akiletwa chanjo ya wiki ya sita, watu wote macho kwake: ana kilo ngapi, ananyonya vizuri? Mimi humtazama mama. Kama una binti, mke au wifi aliyejifungua karibuni, au bado ni mjamzito, nakuandikia wewe, maana mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyokwisha, mara nyingi hana hata nguvu za kujileta.

Anza kwa kuhesabu siku. Machozi ya siku ya tatu huwapata wazazi wengi na hukauka yenyewe. Yakivuka wiki mbili, au yalianza tangu mimba, usingoje arobaini iishe.

Kisha muulize, ila si mbele ya mama mkwe. Mvizie wakati unamkanda, mko wawili. Ukisema "Vipi hali?" atajibu "Nzuri", ndiyo adabu yetu. Uliza hivi: Wiki hii kuna kilichokuchekesha? Kuna jambo unalingoja kwa hamu? Unajilaumu kwa mambo yasiyo kosa lako? Mtoto akilala, wewe usingizi unakuja? Maswali yangu yanafuata dodoso la maswali 10 lililotungwa Edinburgh, Uskoti, na kuchapishwa 1987. Huulizia siku saba zilizopita, kila jibu lina alama 0 hadi 3, na wengi huchukulia 13 kwenda juu kuwa dalili ya kumpeleka akapimwe. Ninachokipenda ni kwamba halimuulizi kama amechoka. Mzazi gani hajachoka?

Swali la kumi ndilo watu hulikwepa: je, umewahi kufikiria kujidhuru? Liulize waziwazi. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, asibaki peke yake, ondoa dawa ya panya na vidonge vilivyomo ndani, nendeni hospitali leo. Vivyo hivyo kwa mzazi anayekesha bila kuhisi usingizi, anayesikia sauti, au anayesema mtoto huyu si wake. Mnaotaka kumsomea dua, msomeeni ndani ya bajaji mkiwa njiani.

Hospitalini ombeni apimwe pia wingi wa damu, na daktari akiona haja, tezi ya shingo. Damu ikipungua mtu huzorota hivyo hivyo.

Tiba ya kwanza, sonona isipokuwa kali, ni mazungumzo yenye mpango. Utafiti ninaousimulia sana ulifanyika vijijini Rawalpindi, Pakistan, ukachapishwa 2008. Wahudumu wa afya wa vijijini, wala si madaktari wa akili, waliwatembelea wajawazito wenye sonona kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba, wakazungumza nao kuhusu mwili wao, mtoto, na watu wa nyumbani. Mtoto alipofika miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23. Kwa waliotembelewa bila mazungumzo hayo, 53. Shirika la Afya Duniani liliutoa mpango huo kama mwongozo mwaka 2015. Kwa hiyo ukipangiwa kuonana na muuguzi wa ushauri badala ya daktari, usione umedharauliwa.

Dawa je? Zipo zinazopita kidogo sana kwenye maziwa, setralini ikiwemo, na wengi huendelea kunyonyesha. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu, basi asiziache siku ya tano. Mwambieni daktari kama aliwahi kuwa na kipindi cha kuchangamka kupita kiasi bila kulala. Hapo uchaguzi wa dawa hubadilika.

Wengine huniulizia kidonge kipya cha Marekani. Ni zuranoloni, iliyoidhinishwa huko Agosti 2023: humezwa jioni pamoja na chakula chenye mafuta, siku 14, na mtu haendeshi gari saa 12 baada ya kila dozi. Inaiga kemikali ya mwili inayopanda wakati wa mimba na kuporomoka baada ya kujifungua. Kliniki kwetu sijaiona, na mkiona inauzwa WhatsApp, msinunue.

Mimba inayofuata, hudhurio la kwanza kabisa, mwambieni mkunga kuwa aliwahi kuugua sonona. Hurudi mara nyingi, na akijua mapema ataanza kumfuatilia kabla ya uchungu.