Somo: Kuukatia moyo mtiririko na kuurudishia, kwenye mtambo wa Langendorff

Mtambo ni wa tangu 1895: moyo wa panya, nje ya mwili, unalishwa kinyumenyume kupitia aota (mshipa mkuu utokao moyoni). Kibali cha kamati ya maadili kiwe mkononi kabla ya yote.

Hatua ya 1: bafa (maji ya chumvi anayolishwa moyo badala ya damu), lita 1. NaCl gramu 6.9, KCl 0.35, MgSO4 yenye maji saba 0.30, KH2PO4 0.16, NaHCO3 2.1, glukosi 2.0. Pitisha gesi (oksijeni 95%, kaboni dioksidi 5%) mpaka pH itulie 7.4 kwa 37°C, ndipo utie CaCl2 yenye maji mawili, gramu 0.18. Ukitanguliza kalsiamu, bafa hugeuka tui, na chembe zake huziba vimishipa. Chuja hata ikionekana safi.

Hatua ya 2: kutundika. Panya akiwa chini ya nusukaputi na heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), toa moyo, utumbukize kwenye bafa ya baridi, ufunge aota kwenye kanula (mrija mwembamba) ndani ya dakika 3. Ncha ya kanula isivuke vali. Ikivuka, mishipa ya korona haipati kitu. Kipovu kimoja cha hewa kinaharibu siku nzima. Shinikizo mmHg 70–80. Puto la kupima shinikizo ndani ya ventrikali (chumba cha chini) ya kushoto, mmHg 5–10 moyo unapolegea. Uache utulie dakika 20.

Hatua ya 3: funga bomba dakika 30. Chumba kibaki 37°C. Moyo unaoning'inia hewani hupoa, hutumia ATP (nishati ya seli) kidogo, nawe utaisifu dawa unayoijaribu kwa kazi iliyofanywa na baridi. Kreatini fosfeti (akiba ya kurudishia ATP) hushuka kwanza, ATP hufuata. Glaikojeni (akiba ya sukari) huvunjwa bila oksijeni, laktati na protoni hazina pa kwenda, mwishowe njia hiyo ya kuvunja sukari hukwama. Mstari wa puto ukianza kupanda, andika dakika: ATP imepungua hadi aktini na mayosini (protini za kukaza msuli) haziachiani.

Hatua ya 4: fungua. Kinga matone kila sekunde 30 kwa dakika 5, upime laktati, kisha baadaye LDH (kimeng'enya kinachovuja kutoka seli zilizoharibika). Hapa ndipo penye kazi. Suksineti (mabaki ya chakula) iliyorundikana huchomwa kwa pupa ndani ya mitokondria (viwanda vya nishati vya seli), elektroni hurudi nyuma hadi komplekisi ya kwanza ya mnyororo wake, radikali (molekuli zinazoharibu seli) huzaliwa. Nje pH ni 7.4 tena, kwa hiyo protoni hutoka zikiingiza sodiamu, na sodiamu huingiza kalsiamu. Asidi iliyokuwa imelizuia tundu la mitokondria imeondoka, tundu hufunguka.

Hatua ya 5: baada ya dakika 120 za mtiririko kurudi, vipande vya milimita 2, TTC (kemikali inayogeuka nyekundu kwenye seli hai) 1%, 37°C, dakika 15. Nyekundu ni hai, nyeupe imekufa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mbona bafa haina mafuta, na moyo hula mafuta zaidi?
Jibu: Kwa kupima sehemu iliyokufa tu, glukosi inatosha. Ukichunguza uchaguzi wa chakula, ongeza palmiteti (asidi ya mafuta) milimola 0.4–1.2 kwa lita, iliyoshikwa na albumini (protini) 3%. Usipulize gesi ndani yake, itajaa povu.

Swali: TTC baada ya dakika 30 za mtiririko kurudi haitoshi?
Jibu: Hapana. Seli iliyokufa bado ina dehidrojenasi na NADH (vitu vinavyoigeuza TTC), hivyo huwa nyekundu. Lazima zioshwe kwanza.

Swali: Nikiuzoesha moyo kwa kukata mtiririko kidogo kidogo kabla ya hatua ya 3?
Jibu: Mbwa wa jaribio la 1986 la mbinu hii walikatiwa mara 4, dakika 5 kila mara. Kwa panya mara 2 au 3 zinafaa. Kundi la kulinganisha lingoje muda uleule kwenye kanula.