Jinsi ya kuhakikisha mirabaha inakufikia kupitia chama cha hakimiliki

Chama cha usimamizi wa pamoja wa hakimiliki, kinachokusanya mirabaha, yaani malipo ya matumizi ya kazi, kwa niaba ya wenye kazi, hakilipi umaarufu. Kinalipa matumizi yaliyoripotiwa, yakaoanishwa na kazi iliyosajiliwa, ambayo mwenyewe anajulikana na akaunti yake ya benki iko hai. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, fedha inakusanywa vilevile, ila inakaa chamani ikikusubiri, na baada ya muda uliowekwa inagawiwa wengine. Malalamiko mengi ya kutolipwa hutokana na taarifa zilizojazwa vibaya siku ya kwanza.

Jua unadai haki ipi

Wimbo mmoja uliorekodiwa una mali mbili kisheria. Kuna utunzi, yaani melodia na maneno, ambao ni wa mtunzi, mwandishi wa maneno na mchapishaji wao, yaani anayesimamia utunzi kwa niaba yao, kama yupo. Halafu kuna rekodi, ambayo kwa kawaida ni ya aliyeigharamia, na ndani yake wamo waimbaji na wapiga vyombo wenye hakishiriki, yaani haki ya aliyeimba au kupiga, tofauti na ya aliyetunga. Utunzi unalindwa kimataifa na Mkataba wa Berne wa 1886; waimbaji na wenye rekodi walipata kinga yao katika Mkataba wa Roma wa 1961. Ndiyo maana nchi nyingi zina chama cha watunzi na kingine cha wenye rekodi na waimbaji. Ukiwa umetunga na kuimba mwenyewe, huenda ukahitaji kujiunga na vyote viwili.

Hapa ndipo wengi hupotea. Msambazaji wa kidijitali aliyepeleka wimbo wako kwenye majukwaa ya kusikiliza muziki, kwa kawaida anakulipa fedha ya rekodi tu. Fedha ya utunzi hupitia kwa chama au mchapishaji. Msanii anaweza kupokea malipo ya msambazaji kila mwezi kwa miaka, akaamini amelipwa yote, kumbe sehemu nyingine haijawahi kudaiwa.

Waandishi wa vitabu na wapiga picha nao wana vyama vyao, vinavyokusanya hasa kwa wanaotoa nakala: vyuo, shule, maktaba, ofisi.

Kujiunga

Kabla ya kusaini, soma mambo manne: unakabidhi haki zipi, kwa nchi zipi, kwa muda gani, na ukitaka kutoka unatakiwa kutoa taarifa mapema kiasi gani. Mikataba mingi ni ya kipekee, maana yake ukishajiunga huwezi tena kumpa mtu mwingine leseni ya haki ileile. Usikabidhi haki moja kwa vyama viwili katika nchi moja. Vyote viwili vinaweza kusimamisha malipo hadi mvutano uishe.

Ukiwa mtunzi utapewa namba ya IPI yenye tarakimu 11, inayokutambulisha kwa vyama vya watunzi duniani kote. Jina lako la kisheria na kila jina la kisanii unalotumia viingizwe kwenye kumbukumbu zako. Jina la kisanii lisiloandikishwa ni kama la mtu mwingine kabisa.

Kusajili kazi

Kwanza patana na wenzako. Kabla wimbo haujatoka studio, andikeni karatasi moja yenye majina kamili, namba za IPI, kazi ya kila mmoja na asilimia yake, kisha wote msaini. Jumla lazima iwe 100. Watu watatu wakisajili kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja akajiandikia nusu, jumla inakuwa 150, na kwenye vyama vingi mfumo huifunga kazi hiyo hadi wapatane. Kupatana baada ya wimbo kuvuma ni kugumu zaidi kuliko kabla.

Aliyetengeneza biti asisahauliwe. Leseni nyingi za biti za kununua mtandaoni humwachia aliyeitengeneza sehemu ya utunzi, hata kama umelipa. Soma leseni yenyewe. Na kama umepanga upya wimbo wa jadi, usajili kama mpangilio, si utunzi wako wote. Vyama vingi humlipa mpangaji kwa kiwango chake, na dai la kupita kiasi huangushwa.

Kisha jaza fomu: jina la wimbo na majina yake mengine, urefu kwa dakika na sekunde, waimbaji, wenye sehemu na asilimia zao. Utunzi hupewa namba ya ISWC, herufi T na tarakimu 10. Rekodi ina namba ya ISRC yenye herufi na tarakimu 12. Utunzi mmoja unaweza kuwa na ISRC nyingi, kwa sababu rimiksi ni rekodi mpya na toleo la jukwaani ni jingine. Zipeleke zote chamani ziunganishwe na utunzi huo. Majukwaa huripoti kwa ISRC, kwa hiyo rekodi isiyounganishwa huingia kwenye fungu la zisizotambuliwa.

Kwa upande wa rekodi, orodhesha kila aliyepiga chombo au kuitikia. Mpiga gitaa ambaye hayumo kwenye orodha hawezi kulipwa.

Fedha inavyopatikana na kugawiwa

Chama hutoa leseni ya jumla, inayoruhusu kutumia kazi zote kinazosimamia. Vituo vya redio na televisheni mara nyingi hutozwa asilimia ya mapato, hoteli kwa idadi ya vyumba, kumbi na maduka kwa ukubwa au viti, matamasha kwa mauzo ya tiketi.

Tuseme kituo kimelipa 1,000,000, kwa sarafu yoyote. Chama kinakata 20% ya uendeshaji, zinabaki 800,000. Kinakata 5% ya hizo kwa mfuko wa ustawi na utamaduni, zinabaki 760,000. Kituo kimeripoti dakika 38,000 za muziki unaolindwa, hivyo dakika moja ina thamani ya 20. Wimbo wako wa dakika tatu na nusu umepigwa mara 40: dakika 140, sawa na 2,800. Mtunzi mwenye 50% anapata 1,400. Mwandishi wa maneno na mchapishaji wenye 25% kila mmoja, 700 kila mmoja.

Hesabu hiyo ni safi kwa sababu kituo kimeripoti kila kitu. Baa na saluni haziripoti, kwa hiyo fedha yao hugawiwa kwa kutumia sampuli, au kwa kufuata yaliyopigwa redioni. Mtunzi anayepigwa sana baani lakini hana nafasi redioni huumia, na hili ni tatizo la kweli la mfumo. Uliza chama chako kinatumia njia gani kwa kila chanzo. Kanuni za mgawanyo ni haki ya mwanachama kuziona.

Ukiimba jukwaani, peleka orodha ya nyimbo, ukumbi, tarehe na jina la mwandaaji kabla ya muda kufungwa. Kwa filamu na vipindi, hakikisha mtayarishaji amewasilisha orodha ya muziki inayoonyesha kila kipande, watunzi, sekunde zake, na kama kimetumika kama utambulisho au usuli.

Fedha ya nje hupitia mikataba kati ya vyama. Huko hukatwa gharama na pengine kodi, na chama chako nacho huweza kukata yake. Kuchelewa mwaka mmoja au miwili ni kawaida. Umoja wa Ulaya, kwa maelekezo yake ya 2014, ulivitaka vyama vigawe ndani ya miezi 9 baada ya mwaka wa fedha kuisha, na fedha isiyo na mwenyewe inaweza kuhesabiwa kuwa haigawanyiki baada ya miaka 3. Kwingine muda hutofautiana.

Kusoma taarifa ya malipo na kudai

Usiangalie jumla tu. Pitia kila mstari: kazi, chanzo, kipindi, idadi ya matumizi, asilimia yako, makato. Asilimia ikiwa pungufu, huenda kuna aliyeongezwa kwenye usajili. Wimbo usipoonekana kabisa, tafuta kwenye orodha ya kazi zisizotambuliwa, ambayo vyama vingi huitangaza; tafuta hata kwa tahajia mbovu.

Dai lako liwe la maandishi, na liambatane na namba ya kazi, tarehe na saa ya matumizi, jina la kituo, na ushahidi kama rekodi ya kipindi au bango la tamasha. Dai linalosema tu "nyimbo zangu zinapigwa sana" halina pa kuanzia. Omba namba ya kumbukumbu ya dai, na uulize tarehe ya mwisho ya marekebisho ya kipindi hicho, kwa kuwa ikipita, hata dai la haki linaweza kukataliwa.