Vibali vya vileo katika ukumbi wa kukodi jijini Mwanza: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimewaandikia wanakamati wa sherehe, waandaaji wa matukio na wamiliki wa kumbi na bustani za Mwanza, kutokana na kazi yangu ya kusimamia kumbi na kufuatilia vibali vyake. Usumbufu mwingi unaowapata watu katika jambo hili hutokana na dhana moja, kwamba leseni ya vileo humfuata mfanyabiashara popote anapokwenda. Leseni hutolewa kwa mtu anayetajwa humo, kwa mahali panapotajwa humo na kwa kipindi kinachotajwa humo. Baa ya Kirumba yenye leseni halali ikihamishia makreti na majokofu yake katika bustani ya Luchelele kwa usiku mmoja, leseni ile iliyobaki ukutani Kirumba haiyalindi mauzo ya Luchelele.

Hatua ya 1: Amueni kama vileo vitauzwa au vitagawiwa

Sheria ya Vileo, Sura ya 77, iliyotungwa mwaka 1968, inadhibiti uuzaji. Kamati ya harusi inayonunua bia kwa fedha za michango, ikazileta ukumbini na kuwagawia waalikwa bila kudai malipo mezani, inagawa kinywaji chake yenyewe. Hali hubadilika pale kaunta inapofunguliwa pembeni kwa ajili ya wageni ambao mgao wao umekwisha, jambo ambalo hutokea sana kwenye sendofu na kwenye harusi zinazochelewa kuanza. Hayo ni mauzo, hata kama fedha zote zinaingia kwa mhazini wa kamati na si kwa mfanyabiashara. Tamasha la kiingilio ambalo tiketi yake inajumuisha bia nashauri nalo lihesabiwe kuwa mauzo, kwa sababu asiyelipa kiingilio hapewi bia hiyo, na sioni afisa atakayekubali kuambiwa kwamba ilitolewa bure.

Uamuzi huu ufanyike kwenye kikao cha kamati, uandikwe kwenye muhtasari, na usibadilishwe usiku wa sherehe. Kamati ikiwa na shaka yoyote kwamba wageni watataka kujinunulia, basi itafute leseni tangu mwanzo, kwa sababu haiwezekani kuipata saa 4 usiku.

Hatua ya 2: Tambueni ukumbi uko chini ya halmashauri ipi

Jiji tunaloliita Mwanza kwa mazoea lina halmashauri mbili. Halmashauri ya Jiji la Mwanza inahudumia Wilaya ya Nyamagana, yaani Capri Point, Butimba, Nyegezi, Mkolani, Buhongwa, Igoma na kata nyinginezo. Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela, ambayo makao yake yako Buswelu, inahudumia Kirumba, Kitangiri, Pasiansi, Bwiru, Nyakato na fukwe za kuelekea Igombe na Kayenze. Kibali kilichotolewa na upande mmoja hakitumiki upande mwingine. Muulizeni mwenye ukumbi jina la mtaa na la kata, si jina la kituo cha daladala.

Sherehe ikipangwa katika kisiwa cha Saanane, kumbukeni kwamba kisiwa hicho ni hifadhi ya taifa, kwa hiyo mazungumzo yaanzie TANAPA, shirika la hifadhi za taifa.

Hatua ya 3: Kagueni leseni ya ukumbi kwa macho yenu

Ukumbi wenye baa yake iliyopewa leseni ndiyo njia nyepesi kuliko zote, na kwa kamati isiyo na uzoefu ningeichagua hiyo hata kama bei ya bia iko juu kidogo. Hata hivyo, msikubali kauli ya mdomo. Ombeni kuiona leseni ya vileo yenyewe, ambayo ni tofauti na leseni ya kawaida ya biashara, na msome mambo matatu: jina la aliyepewa, mahali palipotajwa, na tarehe ya mwisho. Katika jina, mwenye ukumbi na mwenye baa mara nyingi ni watu wawili, hivyo mhakikishe kwamba anayewauzieni ndiye mwenye leseni. Katika mahali, angalieni kama leseni inahusu baa ya ndani peke yake ilhali sherehe yenu itakuwa bustanini.

Tarehe ndiyo inayowaangusha wengi. Leseni za vileo hutolewa kwa vipindi vya miezi 6, kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 30 Septemba na kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Machi. Kwa hiyo kamati iliyoona leseni halali mwezi Agosti, wakati wa kulipa malipo ya awali, haina uhakika wowote kuhusu harusi ya Desemba. Andikeni kwenye mkataba kwamba mwenye ukumbi ataleta nakala ya leseni mpya kabla ya kumaliziwa malipo.

Hatua ya 4: Ukumbi usipokuwa na leseni, ombeni kibali cha tukio

Njia iliyo salama ni kumtafuta mfanyabiashara ambaye tayari ana leseni ya vileo, naye aombe kwa jina lake kibali cha muda cha kuuza mahali pale, kwa tarehe ile. Kamati isijitwike jukumu la kuuza. Ombi hupelekwa kwa afisa biashara wa halmashauri husika, na mimi huliandaa likiwa na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa, nakala ya leseni ya mwombaji na namba yake ya mlipakodi, barua ya mwenye ukumbi ya kuridhia, pamoja na maelezo ya tukio: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya wageni, na eneo litakalowekwa kaunta. Afisa afya huenda akataka kuona vyoo, maji na vyeti vya kupimwa afya vya wahudumu. Malipo yafanyike kwa namba ya malipo ya serikali pekee. Anayetaka fedha mkononi bila kutoa namba hiyo, msimpe.

Mwenye ukumbi anayekodisha kila mwisho wa wiki hapaswi kuishi kwa vibali vya muda. Aombe leseni kamili ya vileo ya eneo lake, ile inayohuishwa kila kipindi, na aanze mapema, kwa maana ombi hilo hupita kwa mtendaji wa mtaa, hujadiliwa katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, hukaguliwa na afisa afya na polisi, kisha ndipo halmashauri ilifanyie uamuzi. Majirani wana sauti katika vikao hivyo, na ni haki yao. Nimeona ombi lenye karatasi zote likikwama kwa sababu muziki wa miezi iliyotangulia uliwachosha wakazi.

Hatua ya 5: Andikeni mkataba wa vinywaji

Mikataba mingi ya kumbi inataja viti, mapambo na jenereta, halafu kuhusu vinywaji inasema tu kwamba mteja anaruhusiwa kuingiza vyake kwa kulipa ada. Haitoshi. Uandikeni kwa majina: nani ananunua, nani anauza au kugawa, nani anashika leseni, nani anawajibika afisa akifika, na vinywaji vinavyobaki ni vya nani. Kamati nyingi huchukua makreti kwa muuzaji wa jumla kwa makubaliano ya kurudisha yasiyofunguliwa. Makubaliano hayo nayo yaandikwe, pamoja na dhamana ya chupa tupu. Mwenye ukumbi anayepokea ada ya kuingiza vinywaji aelewe kwamba ada hiyo haigeuki kuwa leseni kwa mteja wake, na asimwahidi hivyo.

Hatua ya 6: Muziki, kelele na ufukwe

Kibali cha vileo hakihusu muziki. Kwa onyesho la kiingilio, zungumzeni na afisa utamaduni wa halmashauri kuhusu kibali cha BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na mpeleke taarifa ya tukio kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Kelele zina kanuni zake za mwaka 2015, zinazosimamiwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Katika Mwanza, ambako nyumba zimepanda vilima na sauti ya spika iliyo bondeni huwafikia waliolala juu, naona ni uungwana pia kuelekeza spika kwenye ziwa badala ya kuzielekeza kwenye makazi.

Kwa bustani za ufukweni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya eneo hilo. Kabla ya kukodi, ulizeni kaunta na vyoo vimesimama umbali gani kutoka majini.

Hatua ya 7: Siku ya tukio

Nakala ya leseni au kibali iwekwe kaunta, mahali panapoonekana. Siku za kazi, saa za baa ni kuanzia saa 10 jioni hadi saa 5 usiku, na mwisho wa wiki na sikukuu muda ni mrefu zaidi. Fuateni saa zilizo kwenye kibali chenu, na MC atangaze mapema kwamba kaunta inakaribia kufungwa. Asiuziwe wala kupewa kileo aliye chini ya miaka 18, kama Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inavyoagiza, na katika sherehe za kifamilia, ambako vijana hukaa meza moja na wazazi, wahudumu waambiwe hivyo waziwazi kabla ya kuanza kazi.

Kila chupa ya bia, mvinyo au kinywaji kikali iwe na stempu ya kodi ya TRA. Vinywaji vikali vya mifuko ya plastiki vimepigwa marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017, na gongo haina leseni ya aina yoyote. Familia ikitaka lubisi, pombe ya ndizi, kwa ajili ya wazee waliotoka Bukoba, igawiwe kama heshima ya nyumbani na isiwekwe kaunta kuuzwa. Muuzaji atoe risiti za EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya kodi, kwa kila mauzo.

Hatua ya 8: Baada ya sherehe

Hesabuni chupa tupu usiku huohuo mbele ya muuzaji na mwakilishi wa ukumbi, wote watatu wasaini. Mkataba, kibali, stakabadhi za malipo na orodha hiyo vikae kwenye faili moja kwa mwenye ukumbi, kwa sababu malalamiko ya jirani au swali la mkaguzi linaweza kuja wiki kadhaa baadaye, wakati kamati imeshavunjwa.